Maswali ya Sayansi Wanayouliza Watoto Wetu: Tuwajibu Vipi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad:

Katika darsa zetu za baina ya Magharibi na Isha tunaletewa maswali mengi, na miaka hii ya karibuni yaliyozidi ni ya sayansi. Wanaouliza ni wanafunzi wa skuli, na mara nyengine ni wazee wao walioulizwa nyumbani wakakosa la kusema. Mtoto asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni, na akisikia maneno mawili yasiyofanana hajui ashike lipi.

Na tuanze kwa kukiri kosa letu. Tulipokuwa vijana tunasomesha chuo, mwanafunzi mmoja alituuliza: ikiwa bahari inavutwa na mwezi, kama alivyofundishwa skuli, basi Mwenyezi Mungu anafanya nini hapo? Hatukuwa na jibu. Badala ya kusema hatujui, tulimkemea mbele ya wenzake tukamwambia kuwa maswali hayo ni wasiwasi wa shetani. Alinyamaza, na mwaka uliofuata hakuonekana tena chuoni. Swali lake lilikuwa na jibu jepesi, sisi ndio hatukulijua. Tunaandika makala hii ili lisimfike mtoto wa mwengine.

Kabla ya maswali yenyewe, tushike msingi mmoja. Ukisema wali umeiva kwa moto wa makaa, hujakanusha kuwa mama ndiye aliyeupika. Moto ni sababu, mama ndiye mpishi. Vivyo hivyo, Allah ameumba vitu na akaumba sababu zake, na sayansi inatafuta sababu hizo. Anayezijua sababu hajamuondoa Aliyeziumba.

SWALI LA KWANZA: Qur-ani imesema ardhi imetandazwa, na skuli tunafundishwa kuwa ni mviringo na inazunguka. Lipi la kweli?

JIBU: Hapana mgongano. Katika Suratul Ghashiya tunatakiwa tuitazame ardhi ilivyotandazwa, na hivyo ndivyo anavyoiona mtu anayetembea juu yake. Tufe likiwa kubwa mno, kila kipande chake huonekana ni bapa kwa aliye juu yake. Na katika Suratuz Zumar, aya ya 5, Allah ameeleza usiku na mchana kwa neno la Kiarabu linalotumika kwa kuzungusha kilemba kichwani. Imamu Ibn Hazm wa Andalusi, na baada yake Ibn Taymiyya, wameandika wazi kuwa ardhi ni mviringo, karne nyingi kabla ya picha za angani.

Sisi watu wa visiwani tuna ushahidi wetu. Simameni Forodhani mtazame jahazi linavyokwenda mbali: kwanza hupotea mwili wake, tanga likabaki, kisha tanga nalo likazama. Lingekuwa linakwenda juu ya kitu bapa, lingezidi kuwa dogo tu lote kwa pamoja.

Ama kuzunguka, wanazuoni wengi wa zamani walidhani ardhi imetulia, na hilo lilikuwa jambo la elimu ya falaki, halikuwa jambo la itikadi. Leo inajulikana kuwa ardhi hujizungusha mara moja kwa siku, na hapa petu, karibu na ikweta, tunakwenda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kwa nini hatuhisi? Kwa sababu mwendo ni sawasawa, na kila kitu kinakwenda pamoja nasi, hata hewa. Uliyepanda boti ya Dar es Salaam siku ya bahari shwari unajua: unamimina chai kikombeni kama uko nyumbani, ilhali boti inakimbia. Unachokihisi ni kule kuanza, kusimama na kupigwa na mawimbi.

Na hapa tunawapa watoto jaribio la kufanya. Kila mwaka, tarehe 28 Mei kiasi cha saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai kiasi cha saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba sawasawa, na vitu vilivyosimama wima huko havina kivuli. Saa zetu na za Makka ni moja. Wakati huo simamisheni fimbo ya mita moja uwanjani. Hapa Unguja mtaona kivuli cha kiasi cha nusu mita, kimelala upande wa kusini. Ukilipa jua uso, umeelekea Kibla. Fimbo ya huko haina kivuli na yetu ina kivuli wakati ule ule, kwa kuwa ardhi imepinda baina yetu. Fizikia na sharti la swala hukutana hapo kwenye fimbo moja.

SWALI LA PILI: Kweli mwezi ndio unaovuta bahari?

JIBU: Kweli, na hili ndilo swali tulilolikimbia miaka ile. Kila kitu kizito huvuta chengine. Mwezi unaivuta ardhi na maji yake. Maji yaliyo upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi, yakainuka. Yaliyo upande wa pili huvutwa kidogo kuliko ardhi yenyewe, nayo yakabaki nyuma yameinuka. Ardhi inapojizungusha, visiwa vyetu hupita penye miinuko yote miwili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, baina ya kujaa na kujaa hupita kiasi cha saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Jua nalo huvuta, ingawa kwa uchache. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, ardhi na mwezi huwa katika mstari mmoja, mivuto ikasaidiana. Hiyo ndiyo bamvua, na hapa Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hukatana, tukapata maji mafu. Mvuvi na mama anayelima mwani Paje au Jambiani wanaijua hesabu hii bila ya daftari: wakijua tarehe ya Kiislamu, wanajua bahari iko vipi. Katika Suratu Yunus, aya ya 5, tumeelezwa kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Basi kazi ya Mwenyezi Mungu iko hapo hapo: hesabu isiyokosea, iliyowekwa na asiyekosea.

SWALI LA TATU: Jua au mwezi ukipatwa, ni dalili ya balaa au ya kifo cha mkubwa?

JIBU: Hapana. Hili Mtume wetu (S.A.W.) alilikata mwenyewe, na siku aliyolikata ilikuwa nzito kwake. Mwanawe mdogo, Ibrahim, alifariki Madina, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Mtu mwenye kutaka kutukuzwa angenyamaza akaliacha neno lienee. Yeye alisimama akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha waswali na waombe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Wazee wetu pwani walikuwa wakisema mwezi umemezwa na chewa, watoto wakapiga makopo ili autapike. Ukweli wake ni kuwa jua hupatwa pale mwezi unapopita baina yake na ardhi, na mwezi hupatwa pale ardhi inapokuwa katikati na kivuli chake kikauangukia. Kwa nini si kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa kiasi cha digrii 5, mara nyingi hupita juu au chini ya mstari. Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote ukaonekana mwekundu hapa Afrika Mashariki. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopinda ukipita kwenye hewa ya ardhi.

Na tarehe 2 Agosti 2027, Inshaallah, jua litapatwa lote katika njia inayopita Luxor nchini Misri, Jeddah na Makka. Wataalamu wameihesabu siku hiyo miaka mingi mbele, na kujua tarehe hakuondoi sunna ya kuswali. Ila watoto waambiwe: jua linalopatwa halitazamwi kwa macho matupu, huunguza jicho bila ya kuhisi maumivu.

SWALI LA NNE: Mdogo wangu alikakamaa kwa degedege. Bibi alisema ni shetani, mwalimu wa skuli alisema ni homa. Nani mkweli?

JIBU: Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu humo mna roho ya mtoto.

Majini wapo, na Qur-ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kuwepo kwao hakumaanishi kuwa kila maradhi ni yao. Degedege kwa mtoto mdogo, zaidi baina ya miezi 6 na miaka 5, mara nyingi huletwa na homa kupanda, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa. Homa hiyo yaweza kuwa ndogo, na yaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, maradhi yanayoua au kuacha ulemavu kwa saa chache tu. Anayezunguka na mtoto kwa waganga siku nzima anapoteza saa hizo.

La kufanya ni hili. Mlazeni ubavu, muondoe kilicho karibu kinachoweza kumuumiza. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe kitu, msimbane kwa nguvu, wala msimfukize moshi. Kisha mpelekeni hospitali, na ikiwa degedege limepita dakika 5 hapana la kusubiri. Kisomo msomeeni njiani, mkono wa mama ukiwa juu ya kifua chake. Ruqya haizuii gari kwenda. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu matibabu aliwaamrisha watu wajitibu, na akaeleza kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Bibi haambiwi kuwa ni mjinga, kwani amesema aliyoyakuta. Anaambiwa kwa adabu: bibi, tuombee dua, sisi tunakwenda.

SWALI LA TANO: Tumesoma hadithi kuwa hakuna kuambukizana. Mbona tunaambiwa kipindupindu huambukiza?

JIBU: Hadithi hiyo ni sahihi, na haisomwi peke yake. Mtume huyo huyo (S.A.W.) ameamrisha kumkimbia mwenye ukoma, amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wazima, na amekataza kuingia katika mji wenye tauni au kutoka humo kwa kuikimbia. Wanazuoni wengi wamezikusanya kwa kusema: kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahiliya kuwa maradhi yanajiendea yenyewe bila ya Allah, na sababu imebaki pale pale. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah.

Visiwa vyetu vinakijua kipindupindu tangu zamani. Mripuko wa 1869 na 1870 ulioua watu wengi hapa Unguja uliandikwa na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi hapa, katika kitabu alichokitoa 1876. Wakati ule haikujulikana kwa yakini nini kinachoua. Robert Koch ndiye aliyekibainisha kijidudu chake, baina ya 1883 na 1884. Leo tunajua kuwa huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Basi kuchemsha maji, kunawa kwa sabuni na kuweka choo mbali na kisima ni kushika sababu, na kushika sababu ni katika ibada.

SWALI LA MWISHO: Mwalimu wa skuli na wa chuo wakitofautiana, nimfuate nani?

JIBU: Kila mmoja aulizwe katika fani yake. Mtume (S.A.W.) aliwaona watu wa Madina wakipandikiza mitende, akasema anadhani haina faida. Wakaacha, na mavuno yakapungua. Akawaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Imo katika Sahih Muslim. Ikiwa aliye bora wa viumbe aliuachia mtende kwa wakulima wake, sisi ni nani hata tuone haya kuuachia ugonjwa kwa daktari? Na kwa upande wa pili, sayansi hueleza namna kitu kinavyokwenda. Haina kipimo cha kujua kwa nini tumeumbwa na wapi tunarejea. Hayo yaulizwe kwenye Wahyi.

Nyinyi wazee, mtoto akikuulizeni msilolijua, semeni hatujui, kisha nendeni naye kwa anayejua. Maimamu wakubwa walisema hatujui mara nyingi, na haikuwapunguzia kitu. Na yule mwanafunzi wetu, ambaye leo ni mtu mzima, tunamuomba radhi popote alipo. Swali lake lilikuwa zuri.

Wa Allahu a'lam.