Mizani sahihi, daftari lenye makosa: kilo zinapopotelea kwenye waya

Vituo vingi vya kununulia mazao sasa vinatumia mizani za kielektroniki. Baadhi ya wanunuzi wamekwenda mbele zaidi kwa kumwita fundi aunganishe mizani na kifaa kidogo cha kurekodi, ili uzito uingie moja kwa moja kwenye kompyuta na risiti itoke hapo hapo.

Hatua hiyo hupunguza foleni na ubishi. Hata hivyo, ipo kasoro isiyoonekana kwenye kioo cha mizani, ambayo inaweza kumpotezea mkulima zaidi ya nusu ya mzigo wake.

Mizani haitumi uzito kwa mkupuo. Huutuma vipande vipande kupitia waya, na kila kipande huitwa baiti. Baiti moja hubeba namba kuanzia 0 hadi 255 tu. Kwa mizani inayohesabu gramu mia mia, baiti moja inatosha hadi kilo 25.5. Kuanzia hapo inahitajika baiti ya pili, ambayo huonyesha 256 imejaa mara ngapi.

Chukua kiroba cha kahawa cha kilo 40. Hiyo ni gramu mia mara 400, yaani 256 moja na 144 juu yake. Mizani itatuma 144, kisha 1. Kifaa kikichukua 144 peke yake, daftari litaandika kilo 14.4. Kilo 25.6 zimepotea. Kwa bei ya mfano ya sh. 3,000 kwa kilo, hiyo ni hasara ya sh. 76,800 kwa kiroba kimoja.

Kiroba cha kilo 20 kingeandikwa sawasawa. Ndiyo maana fundi anayejaribu kwa jiwe la kilo 20 pekee huondoka akiamini kazi imekwisha.

Chanzo cha kwanza ni haraka. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9,600 kwa sekunde, baiti moja huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kufika. Kifaa kina kasi zaidi ya hapo, hivyo husoma baiti ya kwanza na kuendelea na kazi nyingine kabla ya pili kuingia. Fundi anatakiwa kuandika programu isubiri baiti zote ndipo ipige hesabu.

Chanzo cha pili ni mpangilio. Kifaa kikidhani baiti kubwa ndiyo inayotangulia, kilo 40 zitasomeka 3,686.5. Kosa hili hugundulika mapema.

Chanzo cha tatu ni waya uliolegea. Baiti moja ikipotea njiani, kifaa huanza kuunganisha nusu ya uzito mmoja na nusu ya unaofuata. Dalili yake ni hesabu nzuri asubuhi, kisha namba za ajabu mfululizo hadi kifaa kizimwe na kuwashwa. Dawa yake ni kila uzito kutumwa na alama ya mwanzo pamoja na namba ya uhakiki mwishoni. Hesabu isipolingana, uzito huo ukataliwe na usomwe upya.

Aidha, mizani inayohesabu gramu moja moja huhitaji baiti ya tatu, kwani mbili huishia kilo 65.5.

Hivyo basi, kabla ya kumlipa fundi, kiongozi wa chama au mfanyabiashara apime mizigo ya kilo 20, 30 na 70, na alinganishe kioo, daftari na risiti kila mara. Jaribio hilo ni la dakika chache na halihitaji utaalamu wa kompyuta.

Kwa upande wake, mkulima asome kioo mwenyewe, aandike namba hiyo, na asiondoke kituoni kabla ya kuilinganisha na risiti. Zikitofautiana, mzigo upimwe tena ungali juu ya mizani.