Mtoki Usiouma Usiudharau

Ndugu msomaji wa Kiembe Samaki, pitisha vidole vyako shingoni, makwapani na kinenani. Sehemu hizo zina matezi madogo. Matezi hayo ni kambi za walinzi wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Ukipata kidonda mguuni, tezi la kinenani huvimba na kuuma. Huo ni mtoki. Kidonda kikipona, nao hupungua.

Lakini uko uvimbe mwingine. Hauumi, haupungui, bali unakua. Pengine huja na homa, jasho jingi la usiku na kukonda. Huenda ni kifua kikuu cha matezi. Huenda ni saratani ya matezi, iitwayo limfoma. Limfoma nyingine hutokana na chembe za aina ya T. Baadhi ya hizo huanza kwa mabaka ya ngozi yanayowasha, na watu hudhani ni choa.

Daktari huonaje yaliyo ndani ya mwili? Mwaka 1969 huko Oak Ridge, Marekani, wataalamu Edwards na Hayes walitumia sindano ya galiamu sitreti. Galiamu ni madini yanayoyeyuka kiganjani. Ile ya sindano hutoa mionzi. Sitreti hutokana na asidi ile ile inayoifanya ndimu kuwa kali. Wataalamu hao walitaka kuona mifupa. Badala yake waliona matezi yenye saratani!

Kwa nini? Mwili huidhania galiamu kuwa ni chuma. Saratani inayokua haraka ina njaa ya chuma, basi huinyakua. Baada ya siku 2 au 3, kamera maalumu huonyesha ilipojificha.

Lakini galiamu hukimbilia pia penye usaha. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Lazima kipande cha tezi kikatwe na kupimwa. Siku hizi hospitali nyingi kubwa hutumia sukari yenye mionzi badala ya galiamu.

Wewe ufanye nini? Usiuchanje uvimbe, wala usiuchome moto. Kunywa maji ya ndimu hakuuponyi. Ukipita wiki 2 bila kupungua, nenda kituo cha afya. Ikibidi, utapelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, na hata Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Limfoma nyingi hutibika zikiwahiwa. Usingoje maumivu ndipo uende.