Programu za Kompyuta Zikibadilishwa, Hesabu Zetu Ziko Salama?

Tangazo la namna hii si geni tena kwetu: huduma zitasimama kuanzia usiku wa Ijumaa hadi asubuhi ya Jumapili ili kuboresha mitambo. Hubandikwa kwenye mlango wa benki, hutumwa katika simu, na mara nyingine huonekana hata ubaoni pale ofisi ya mishahara. Wengi wetu husoma, huguna kidogo, kisha huendelea na shughuli. Ni wachache wanaouliza kinachoboreshwa ni nini na kwa nini kichukue siku mbili.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili, kwa sababu ndani ya mitambo hiyo ndimo zilimo hesabu za siku tulizofanya kazi, kilo tulizochuma, makato yetu na akiba ya uzeeni. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba kazi hii haihitaji uchawi wowote. Ni kazi ya mafundi, inafanana sana na ukarabati tunaoufahamu viwandani, na huharibika kwa sababu zile zile tunazozifahamu.

Kwanza tuelewe kompyuta zenyewe. Zamani shirika lenye hesabu nyingi lilinunua kompyuta moja kubwa ya bei kali. Hesabu zilipozidi, lilinunua kubwa zaidi. Katika miaka ya 2003 na 2004 kampuni ya Google ya Marekani ilichapisha maelezo ya njia nyingine: kuchukua kompyuta nyingi za kawaida, mamia hata maelfu, na kuzigawia kazi moja. Kutokana na maelezo hayo, Doug Cutting na Mike Cafarella walitengeneza programu ambayo tangu mwaka 2006 imeitwa Hadoop. Jina hilo, tusishangae, ni la tembo wa kuchezea wa mtoto wa Cutting. Programu hiyo hutolewa bila malipo, nayo ilienea katika mabenki, makampuni ya simu na maduka makubwa duniani.

Hatusemi kwamba ofisi ya mishahara ya kila shamba ina Hadoop. Pengine ina kompyuta moja tu juu ya meza ya karani. Lakini mishahara ikishatoka pale hupita benki au kampuni ya simu, na huko ndiko kuna makundi ya kompyuta nyingi. Tumeichagua Hadoop kwa kuwa taratibu zake zimeandikwa waziwazi, na kila mtu anaweza kuzifuata.

Kundi hilo hufanya kazi hivi. Daftari kubwa hukatwa vipande, na kwa kawaida kila kipande kina megabaiti 128. Kila kipande huandikwa nakala 3, katika kompyuta tofauti. Iko kompyuta moja ambayo sisi tutaiita karani mkuu. Yeye hatunzi vipande, hutunza orodha ya kipande gani kiko wapi. Kompyuta nyingine, ambazo tutaziita maghala, humpigia hodi kila sekunde 3 kumjulisha kwamba zingali hai. Ghala likikaa kimya kwa muda wa dakika kumi na nusu hivi, karani mkuu huliandika kuwa limekufa, na huamuru maghala mengine yatengeneze nakala mpya za vipande vilivyokuwa humo, ili kila kipande kirudie kuwa na nakala 3. Kwa njia hiyo kompyuta moja kuharibika si msiba. Lakini orodha ya karani mkuu ikipotea, vipande vyote vinabaki kama magunia yasiyo na lebo, hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Kwa sababu hiyo siku hizi huwekwa makarani wakuu wawili, mmoja kazini na mwingine akiwa tayari kushika nafasi yake.

Kwa nini basi programu zibadilishwe, ikiwa zinafanya kazi? Kuna makosa ya kurekebishwa, kuna mianya ya wezi ya kuziba, na kuna wakati ambapo watengenezaji huacha kabisa kulihudumia toleo la zamani. Mara nyingine pia kuna faida kubwa. Toleo la 3 la Hadoop, lililotoka Desemba 2017, lilileta njia ya kulinda vipande kwa hesabu za ziada badala ya nakala kamili. Nafasi ya ziada inayohitajika ikashuka kutoka asilimia 200 hadi kama asilimia 50. Mwenye maelfu ya kompyuta hawezi kupuuza akiba ya namna hiyo.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Wenzetu wa viwanda vya sukari wanajua njia ya kwanza. Msimu wa kusaga miwa ukimalizika, boila huzimwa, vinu hufunguliwa, na kiwanda kizima hutengenezwa kwa mara moja. Makundi ya kompyuta nayo yalibadilishwa programu hivyo kwa miaka mingi: kila kitu kinazimwa, programu mpya inaingizwa, kisha kila kitu kinawashwa. Njia hii ni nyepesi kuielewa, ila wakati huo hakuna anayehudumiwa.

Wenzetu wa viwanda vya chai wanajua njia ya pili. Majani mabichi hayangoji. Yakichumwa leo lazima yasindikwe. Kwa hiyo mashine ya mstari mmoja husimamishwa na kunolewa wakati mistari mingine inaendelea kukata majani. Tangu toleo 2.4 la mwaka 2014, Hadoop inaweza kubadilishwa programu kwa namna hiyo, yaani kwa zamu. Mafundi huanza kwa kuhifadhi picha ya orodha kama ilivyo siku hiyo. Kisha yule karani mkuu anayesubiri hupewa programu mpya, wanabadilishana nafasi na mwenzake, na yule aliyepumzishwa naye hubadilishwa. Halafu wanaendea maghala, machache machache, pengine yale ya kabati moja kwanza. Wanahakikisha yameamka na yanapiga hodi, ndipo waende kabati la pili.

Kubadili kwa zamu kuna sharti moja zito. Kwa saa kadhaa, au hata siku kadhaa, kompyuta zenye programu ya zamani na zenye programu mpya hufanya kazi bega kwa bega. Ni lazima zielewane. Neno au alama ikiwa na maana moja huku na maana nyingine kule, balaa huanzia hapo, na tutaona mfano wake punde.

Sharti jingine ni njia ya kurudi. Programu mpya ikionekana mbovu, mafundi waweze kuirudisha ile ya zamani. Hadoop inazo njia mbili za kurudi, na mfanyakazi anapaswa kujua tofauti yake. Njia ya kwanza hurudisha programu ya zamani lakini huacha maandishi yote yaliyoingizwa baada ya mabadiliko. Njia ya pili hurudisha programu na maandishi pia, vyote viwe kama vilivyokuwa siku ile picha ilipohifadhiwa. Kundi zima huzimwa, na yote yaliyoandikwa kati ya siku ile na leo hutoweka. Chukulia kwamba mizani ya majani inaandika kwenye kundi kama hilo, mabadiliko yakafanyika Jumatatu, na Alhamisi ikaamuliwa kurudi kwa njia ya pili. Kilo za siku hizo hazimo tena. Kilichobaki ni karatasi ya karani wa mizani, kama ipo.

Ili kurudi kuwezekane, kitu kinachofutwa katika kipindi hicho hakifutwi kweli. Maghala hukiweka pembeni. Matokeo yake nafasi hujaa siku hadi siku, mpaka mkubwa aamuru mabadiliko yathibitishwe. Amri hiyo ikishatolewa, vilivyowekwa pembeni hufutwa na njia ya kurudi hufungwa. Hapa ndipo haraka ya mwajiri na uangalifu wa fundi hugongana: mmoja anataka nafasi na anataka kazi iishe, mwingine anataka siku chache zaidi za kutazama.

Mfano tuliouahidi ulitokea Marekani, katika kampuni ya Knight Capital iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Kampuni hiyo ilikuwa na kompyuta 8 zilizogawana kazi ya kupeleka oda sokoni. Kuanzia tarehe 27 Julai 2012 mafundi waliingiza programu mpya kwa zamu. Fundi mmoja hakuinakili katika kompyuta moja kati ya zile nane. Ndani ya programu ya zamani iliyobaki humo kulikuwa na kipande ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003, lakini haikukiondoa. Programu mpya nayo ilitumia tena alama ile ile iliyokuwa ikikiwasha kipande hicho.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa, kompyuta saba zilifanya kazi yake vizuri. Ile ya nane ilisoma alama kwa maana ya zamani, ikaanza kupeleka oda bila kikomo, maana kihesabio cha kuiambia kwamba oda imetimia kilikuwa kimehamishwa mwaka 2005. Oda 212 za wateja zilizaa biashara zaidi ya milioni 4 katika muda wa dakika 45 hivi. Mafundi walipoona hatari waliamua kurudi nyuma: waliiondoa programu mpya katika zile kompyuta saba. Sasa zote nane zikasoma alama kwa maana ya zamani, na hasara ikazidi. Jumla ilipita dola milioni 460. Kabla ya mwaka mmoja kuisha, kampuni ilikuwa imeungana na kampuni nyingine, na jina lake la zamani likaondoka.

Ni rahisi kusema fundi alisahau. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilichunguza, na katika uamuzi wake wa Oktoba 2013 iliitoza kampuni, si fundi, faini ya dola milioni 12. Ilikuta kwamba hakuna fundi wa pili aliyewekwa kukagua kazi ya wa kwanza, wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliodai ukaguzi huo. Tena, tangu saa 2 asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua 97 zenye kutaja kosa hilo. Hakuna aliyepewa kazi ya kuzisoma kama kengele ya hatari. Sisi tunaofanya kazi penye mashine tunaufahamu mpango huo: mtu mmoja mahali pa wawili, na lawama imeshaandaliwa.

Mfano wa pili si wa kundi la Hadoop, lakini unahusu mishahara na unahusu njia ya kurudi. Februari 2016 serikali ya Kanada ilianza kutumia mfumo mpya wa mishahara uitwao Phoenix kwa watumishi wake wapatao 290,000. Nafasi 1,200 za makarani wa mishahara waliokuwa katika wizara mbalimbali ziliondolewa, na mahali pao pakawekwa watu 550 katika mji mmoja, Miramichi. Jaribio lililokusudiwa kufanywa kwanza katika idara moja lilikuwa limefutwa mwaka 2015. Mfumo uliposhindwa, wako waliolipwa pungufu, wako waliolipwa kupita kiasi na kudaiwa, na wako ambao hawakulipwa kabisa. Kurudi kwenye mpango wa zamani hakukuwezekana, kwa sababu waliojua kuuendesha walikwisha kuondolewa. Vyama vya wafanyakazi vya huko vimedai fidia kwa miaka kadhaa, na sehemu vimeipata.

Kwa hiyo, tangazo la kuboresha mitambo likibandikwa kazini, mwakilishi wa tawi ana haki ya kwenda kuuliza mambo ya kawaida kabisa. Kazi itaanza lini ukilinganisha na siku ya malipo? Juma la mwisho wa mwezi ni wakati mbaya kuliko wote. Orodha ya mwezi uliopita imekwisha kupigwa chapa na kuwekwa sandukuni? Nani atakagua kazi ya fundi? Njia ya kurudi itabaki wazi siku ngapi, na ikitumika, kilo na saa za siku hizo zitachukuliwa wapi? Yafaa majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao na yatiwe sahihi na pande zote mbili.

Tusiwasahau mafundi wenyewe. Kazi hii hufanywa usiku na siku za mapumziko, wakati wateja wamelala, na fundi aliyefika kazini Ijumaa asubuhi mara nyingi ndiye yule yule anayetazamiwa kuwa macho Jumamosi alfajiri. Huyo naye ni mfanyakazi. Saa zake za ziada zinastahili kulipwa kama za mwendesha boila, na zamu yake inastahili mtu wa kumpokea. Palipo na mkataba wa hali bora za kazi, jina la kazi yake liingizwe humo.

Kwa upande wetu, karatasi za mizani, kadi za mahudhurio na hati za mshahara zitunzwe kwa angalau miezi mitatu baada ya mabadiliko, na taarifa ya akiba ya uzeeni iombwe mara tu huduma zikirudi, ilinganishwe na ile ya kabla. Ikionekana tofauti, ipelekwe tawini siku hiyo hiyo pamoja na nakala, na ile karatasi ya asili ibaki nyumbani.