Slaidi za mwanao zimeandikwa na nani?

Zamani mwanachuo akirudi nyumbani Kanyenye na wasilisho la Jumatatu, mzazi aliijua gharama yake: hela ya steshenari. Kijana alipeleka karatasi alizoandika kwa mkono, mhudumu akachapa, akapanga slaidi na kuweka rangi. Siku hizi anashika simu, anaandika sentensi mbili, na muda si mrefu slaidi 10 ziko tayari. Copilot ya Microsoft, Gemini ya Google na Canva zote zinaifanya kazi hiyo.

Wazazi wengi wakiona hivyo huhisi mtoto anaiba mtihani. Si lazima. Akili mnemba ni fundi mzuri wa kupanga. Ikipewa maelezo aliyoyaandika mtoto mwenyewe, itayagawa kwenye slaidi, itakata aya ndefu ibaki mistari mitatu na kusawazisha ukubwa wa herufi. Hakuna aliyewahi kujifunza historia kwa kusawazisha herufi, kwa hiyo kuiachia mashine kazi hiyo si hasara.

Hasara inaanza pale mtoto anapoandika tu: "Nitengenezee slaidi kuhusu historia ya Tabora."

Programu hizi huunda sentensi kwa kukadiria neno linalofuata, kutokana na maandishi mengi zilizofunzwa nayo, na habari za Unyanyembe zimeandikwa kidogo mno kuliko za London. Slaidi inaweza kusema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba Stanley alimkuta Livingstone Tabora. Walikutana Ujiji mwaka 1871. Tabora walifika pamoja baadaye, wakakaa kwenye tembe la Kwihara, na Livingstone akabaki hapo hadi Agosti 1872. Inaweza pia kumchanganya Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, na Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipoingia. Mtoto wa Tabora akisimama mbele ya darasa na kosa kama hilo, anayechekwa ni yeye.

Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kukagua vilevile. Mwambie mtoto afunge simu, akueleze slaidi ya tatu kwa maneno yake. Akikwama, hajaisoma. Halafu muulize kila mwaka na kila jina amelitoa wapi. Jibu la "AI imesema" halitoshi, arudi kwenye kitabu. Kwa mada kama hii hana hata kisingizio, maana Kwihara iko jirani tu na mjini na tembe ni makumbusho. Picha aliyoipiga mwenyewe pale ina thamani kuliko jengo la kubuni lililochorwa na mashine.

Kuhusu umri, ChatGPT haikukusudiwa watoto wa chini ya miaka 13, na walio chini ya 18 wanatakiwa kuwa na ridhaa ya mzazi. Vyeti, namba za mtihani na picha za wanafunzi wenzake zisipandishwe huko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Na kabla ya Jumatatu, faili lishushwe na kuwekwa kwenye flashi. Bando likiisha asubuhi, projekta haitamsubiri.