KPU: Chama Kilichozimwa kwa Amri
Mnamo Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaongoza KPU, chama kilichotaka maskini wagawiwe mashamba ya walowezi bila malipo. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 kilinyakua viti 9 kati ya 29. Oktoba 1969, baada ya umwagaji damu wa Kisumu, kikapigwa marufuku. Odinga alirejea ulingoni 1992 kupitia FORD-Kenya. Alipofariki 1994, uongozi ulimwangukia Wamalwa Kijana wa Kitale. Raila Odinga alipohama, ngome ikawa Trans-Nzoia na Bungoma, hadi mpakani Lwakhakha. Kwa hiyo, KPU haikushindwa kwa hoja. Suala la ardhi halikuzikwa nayo.