Mkono wa Mwandishi Baada ya Kitabu Kuuzwa

Kitabu kikishanunuliwa, mwandishi hana tena amri juu ya nakala ile. Mnunuzi wa Kasulu anaweza kuisoma, kumwazima jirani, kuiuza kwa mtu wa Kibondo au kuichana awashie jiko. Kinachobaki mikononi mwa mwandishi ni maandishi yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inampa yeye haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kurudufiwa, kutafsiriwa, kugeuzwa mchezo au kusomwa redioni. Haki hiyo huanza tangu kazi inapoandikwa, hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo chake.

Hesabu hiyo huzaa tofauti isiyoonekana kwenye rafu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo leo yeyote anaweza kuichapa Kusadikika, mradi asichukue utangulizi au michoro ambayo mtu mwingine ameiongeza baadaye. Euphrase Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka 1971, italindwa hadi 2070.

Katika nyanda za juu za Kigoma, sheria hii hukutana na mashine ya kutoa kopi. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi, na pale kitabu kimoja kinapotakiwa na darasa zima, kimbilio ni stesheneri. Hutolewa kopi ya sura inayotakiwa na kubanwa kwa pini. Ukurasa wenye jina la mwandishi huachwa, kwa kuwa hakuna anayelipia ukurasa usiotoka kwenye mtihani. Baadaye mtu huichapa upya sura ile kwenye kompyuta, akafupisha hapa na pale, ikasambaa kwa WhatsApp kama notsi. Ikifika hapo, msomaji huamini kuwa aliyemtumia ndiye aliyeandika.

Katika kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, shule za wakimbizi zilikuwa zikifuata mitaala ya Kongo na Burundi. Mwandishi wa Bujumbura hakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba maneno yake yalikuwa yakinakiliwa ubaoni ng'ambo ya mpaka, seuze kudai malipo.

Si kila kunakili ni wizi. Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki na kutumia sehemu ya kazi kufundishia, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Sharti hilo ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo linalovunjwa kwanza. Ada ya mwandishi hugharimu fedha ambazo mwanafunzi huenda hana. Jina lake halimgharimu kitu. Sheria inazitambua pia haki za kimaadili: mwandishi atajwe, na kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumharibia heshima.

Kitu kimoja hakuna sheria inayoweza kumpa: kuyarudisha maneno yaliyokwisha kutoka. Mwalimu Nyerere alipotaka kusahihisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka 1963, alichapisha toleo jipya la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Kama Rais wa nchi hakuweza kuzifuta nakala za awali kwenye makabati ya wasomaji, mwandishi wa kawaida asijisumbue. Vilevile maana haina hakimiliki. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya jinsi ilivyosomwa, kisha ikaja kuruhusiwa.

Ngano za Waha, wenyeji wa Kasulu na Kibondo, ziko upande mwingine kabisa, kwani hazina mwandishi wa kutajwa. Anayeandika ngano aliyosimuliwa na bibi yake hupata haki juu ya maneno aliyoyapanga yeye, wala si juu ya ngano. Jirani yake anaweza kuiandika upya kwa maneno yake. Sheria ya 1999 inaziweka sanaa za jadi za namna hii chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo hutoa kibali kwa anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Mzee anayewasimulia wajukuu zake jioni kule Heru Juu hahitaji kibali cha mtu.