Neva ya Mguu na Darasa la Maiti

Ndugu msomaji, bila shaka wakumbuka habari za Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walipoopolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Ajali nyingi za machimbo ya Geita na Shinyanga hazifiki magazetini. Mtu huangukiwa na jiwe mguuni, wenzake wakamfunga banzi kwa kamba na kumkimbiza hospitali. Maumivu yapungua, lakini unyayo umelegea, hawezi kuuinua.

Chini kidogo ya goti, upande wa nje, neva moja huzunguka shingo ya mfupa mwembamba, karibu kabisa na ngozi. Jiwe laweza kuiumiza. Banzi lililokazwa mno nalo laweza.

Je, mwanao anayesomea udaktari huijuaje neva hiyo? Katika mtindo wa zamani alisikiliza mihadhara, kisha akapasua maiti nzima, kiungo baada ya kiungo, miezi mingi kabla ya kukabidhiwa mgonjwa. Mwaka 1969 chuo cha McMaster, nchini Kanada, kiligeuza utaratibu huo: wanafunzi wachache huketi na mwelekezi, wakapewa tatizo la mgonjwa, nao wakatafuta wenyewe elimu ya kulitatua. Mtindo huo ulifika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na mwaka 2003 Makerere ikaufuata. Mwaka huo huo chuo cha udaktari kilianza Bugando, Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Saa za anatomia zikapungua. Mahali pengi mwanafunzi hashiki tena kisu. Huonyeshwa kiungo kilichokwisha kupasuliwa na mkono wa fundi, pamoja na picha za eksirei na sanamu. Mimi naukubali mwanzo wa tatizo, kwani lililotafutwa kwa jasho halisahauliki upesi. Lakini matatizo huchaguliwa na walimu. Yakiwa yote ni ya homa, kuhara na moyo, nani atamfikisha mwanafunzi gotini? Ndiyo maana vyuo vingi vya mtindo huu havikulifunga darasa la maiti.

Na maiti zatoka wapi? (Si mazungumzo ya mezani siku ya Jumapili, lakini tusikwepe.) Katika nchi nyingi za Afrika ni za watu waliofia hospitalini wasitokee ndugu wa kuwachukua. Sisi tunaosafirisha marehemu mamia ya maili akazikwe kwao, ni wachache mno miongoni mwetu wanaousia mwili wao chuoni.

Neva ile waweza kuitafuta sasa hivi. Papasa upande wa nje wa mguu, chini ya goti, mpaka ukute kifundo kigumu cha mfupa. Yenyewe yapita chini yake tu. Umfungapo majeruhi, weka kitambaa laini hapo, usikaze, na umwombe ainue unyayo kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Akishindwa baada ya kufunga, legeza kamba mara moja.